Kati ya Kujua na Kutenda



Kwa kawaida safu hii ya malezi huandikwa kutokana na maswali mnayotuletea. Sisi tunaoiandika, mume na mke, huyasoma maswali hayo pamoja baada ya sala ya Isha, tukashauriana, kisha tukajibu kwa kadiri ya tulichojaaliwa kukijua. Wiki hii hatujibu swali la msomaji. Tunalijibu swali lililokaa nyumbani mwetu kwa muda wa miaka minne, ambalo hatukuwa na ujasiri wa kulitamka mbele yenu.

Tuna watoto watatu. Wa pili ni mvulana wa miaka tisa. Tulimwomba ruhusa kabla ya kuandika haya, naye akakubali kwa masharti mawili: tusilitaje jina lake, na tuseme kwamba anajua kuvua. Basi na ijulikane kwamba kijana wetu anajua kuvua. Hukaa juu ya mawe ya ufukoni na mshipi wake kwa saa mbili nzima, kimya, asitake maji wala mahamri. Tunaomba mlikumbuke jambo hilo, kwani tutalirudia.

Nje ya uvuvi, mambo huwa mengine. Asubuhi huambiwa avae viatu. Dakika kumi baadaye hukutwa ameketi chini, kiatu kimoja mguuni na cha pili mkononi, akikichunguza kisigino chake kana kwamba amekiona leo. Chuoni, wenziwe wakisoma sura kwa sauti, yeye huwa ameinuka mara tatu kabla sura haijesha. Daftari lake la hisabati lina hesabu tatu za mwanzo zilizo sahihi kabisa, na saba zilizosalia hazikuguswa. Humkatiza mgeni katikati ya maneno. Na siku moja tulipomtuma dukani akanunue nazi mbili na pakiti ya chumvi, alirudi na pesa zote, hazikupungua hata shilingi, na paka.

Kila mtu alikuwa na jina la hali hiyo. Jirani aliita utovu wa adabu. Jamaa mmoja aliita husuda, mwengine akasema ni jini. Mwalimu wake wa skuli aliandika kwenye ripoti kwamba ni mvivu mwenye akili. Bibi yake aliilaumu halua na simu. Na sisi wenyewe, tusifiche, tuliita ukaidi.

Methali zetu pia hazikutuhurumia. Tuliambiwa samaki mkunje angali mbichi. Tuliambiwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na ile iliyouma zaidi ya zote, kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hizi zina hekima, wala hatukusudii kuzikana. Lakini kila zilipotamkwa barazani au arusini, zilimwangukia mtu mmoja tu, naye ni mama. Mmoja wetu aliacha kuhudhuria shughuli kwa karibu mwaka mzima, kwa kuwa hakujua amwache mtoto na nani, na hakutaka kwenda naye akahukumiwa. Mwenzake, ambaye ni baba, alikuwa akirudi kazini jioni na kuuliza, "Leo amefanya nini tena?" Hakujua kwamba swali hilo nalo lilikuwa hukumu.

Ikaja siku ya Ijumaa ambayo hatutaisahau.

Tulimtuma tena dukani, ng'ambo ya barabara. Tulimwasia kama tulivyozoea: simama ukingoni, tazama kulia, tazama kushoto, ngoja gari zipite. Aliyarudia maneno yote bila kukosea hata moja. Alipofika ukingoni, alimwona mwenzake upande wa pili ameshika tiara mpya, akakimbia. Tuktuk ilifunga breki ikasimama karibu naye kiasi cha mkono mmoja. Dereva alishuka akitetemeka. Baba alikimbia, akamshika mtoto, akampiga palepale mbele ya watu. Alimpiga kwa hofu. Lakini mtoto hakuiona hofu, aliuona mkono.

Usiku ule, alipodhaniwa amelala, alimwita baba yake. Akamwambia, "Baba, mimi nilijua gari zinapita. Nilikumbuka nilipofika katikati."

Tuliyakariri maneno hayo baina yetu hadi alfajiri. Kwa miaka minne tulikuwa tukimfundisha mtoto jambo analolijua. Tulidhani hakusikia, tukapaza sauti. Tulidhani amedharau, tukachukua bakora. Naye kumbe alikuwa amesikia na amekubali, lakini kujua kwake kulimfikia akiwa tayari yumo katikati ya barabara.

Wiki iliyofuata tulimpeleka hospitali. Kabla ya hapo alikuwa amesomewa ruqya, na hatulijutii hilo. Dua ni ngao ya muumini na hatujaiacha hadi leo. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza pia kujitibu, na mwenye kuomba dua hakukatazwa kubisha mlango wa tabibu.

Daktari alituuliza maswali kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Alitaka kujua habari za mimba na uzazi, usingizi wa mtoto na kukoroma kwake, na iwapo kuna msiba au ugomvi uliomgusa. Alitaka masikio na macho yapimwe, kwani mtoto asiyesikia vyema huonekana kama asiyetii, na asiyeuona ubao huonekana kama mvivu. Alituuliza pia kama huduwaa ghafla kwa sekunde chache kisha akaendelea kana kwamba hapakutokea kitu, maana iko aina ya kifafa inayokuja hivyo. Kisha akatupa karatasi mbili za maswali, moja tuijaze sisi na moja aijaze mwalimu. Alitueleza kwamba hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoweza kutoa jibu. Jibu hutokana na kumwangalia mtoto katika maisha yake.

Jibu lilipokuja, lilikuwa na jina refu: upungufu wa umakini pamoja na kutotulia kuliko kiasi. Wengi hulijua kwa herufi nne, ADHD.

Tulitaka kujua ni jambo gani hili, na kama ni kweli au ni mtindo wa siku hizi. Tulichokikuta ni kwamba si jipya. Mwaka 1798 tabibu wa Scotland aliyeitwa Alexander Crichton aliandika habari za watu wasioweza kuudhibiti umakini wao, akaeleza kwamba hali hiyo huweza kuanza tangu utotoni. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alihutubia madaktari wenzake mjini London kuhusu watoto wenye akili timamu ambao hata hivyo hawakuweza kujizuia. Wakati huo hapakuwa na simu za mkononi wala televisheni ya kulaumiwa. Leo hukadiriwa kwamba watoto 5 hivi katika kila 100 duniani wana hali hii. Katika darasa la watoto 60, hao ni watatu.

Si kila mtoto mtundu yumo katika hesabu hiyo. Utundu ni sehemu ya utoto, na mtoto anayekaa kimya kutwa nzima ndiye wa kutia wasiwasi. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, katika chapa yake ya tano ya mwaka 2013, umetaja dalili 9 za kukosa umakini na dalili 9 za kutotulia na kukurupuka. Mtoto hutakiwa awe na angalau 6 katika fungu moja, zidumu kwa miezi 6 au zaidi, ziwe zimeanza kabla hajatimiza miaka 12, zionekane mahali pawili au zaidi, kama nyumbani na skuli, na ziwe zinamvurugia maisha yake. Mtoto anayetulia skuli lakini hatulii nyumbani, au aliyebadilika ghafla baada ya msiba, huenda ana jambo jingine linalohitaji kutazamwa.

Na hapa tunawaomba wenye mabinti wasikilize. Hali hii ina sura zaidi ya moja. Wapo watoto wasiokimbia wala kusumbua mtu. Huketi kimya mwisho wa darasa, macho dirishani, akili iko mbali. Huitwa wazembe au wenye bumbuwazi. Wasichana wengi huwa katika sura hii, na kwa kuwa hawavunji kitu, hakuna anayewapeleka popote. Hukua wakiamini kwamba wao ni wajinga.

Je, ni malezi yetu yaliyoleta haya? Hili ndilo swali lililotuumiza, na jibu lake lilituondolea mzigo. Utafiti juu ya mapacha umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya hali hii, inayokadiriwa kuwa zaidi ya asilimia 70 ya tofauti baina ya watu, inatokana na urithi. Tulipomweleza bibi yake, alinyamaza kidogo, kisha akamgeukia mwanawe akasema, "Mwanangu, na wewe nilikutuma mkaa ukanirudia na mbuzi wa watu." Tulicheka sote, na baba alicheka kwa machozi, maana aliikumbuka siku hiyo, na aliikumbuka pia bakora iliyofuata.

Ama halua, imetoka bila hatia. Katika miaka ya 1990 watafiti walilinganisha watoto waliopewa sukari na wale waliopewa kiongeza utamu kisicho sukari, bila watoto wala wazazi kujua nani amepewa nini, na hawakuona tofauti katika utulivu wao. Meno bado yana kesi na halua, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulitufunza zaidi. Watafiti waliupima ukuaji wa gamba la nje la ubongo wa watoto kwa miaka kadhaa. Kwa watoto wengine, nusu ya sehemu zilizopimwa zilikuwa zimefikia upeo wa unene wake wakiwa na miaka 7 na nusu hivi. Kwa watoto wenye hali hii ilikuwa miaka 10 na nusu. Kuchelewa kulionekana zaidi katika sehemu ya mbele, ambayo kazi yake ni kumzuia mtu kidogo kabla hajatenda, kupanga, na kukumbuka alilokusudia. Ubongo hukua kwa utaratibu uleule, lakini kwa kuchelewa. Basi tulipomtazama mvulana wa miaka tisa na kumtaka ajizuie kama wa miaka tisa, tulikuwa tukimdai deni ambalo muda wake wa kulipwa haujafika.

Sasa turudi kwenye mshipi. Watu wengi hutuambia, "Mbona akivua anatulia? Basi anaweza, ila hataki." Nasi tulisema hivyo kwa miaka. Lakini mshipi humjibu mtoto papo hapo. Unatikisika, unalegea, unavuta. Kila dakika ina habari yake. Hesabu ya sita katika daftari haina habari yoyote hadi mwalimu asahihishe kesho. Umakini anao mwanetu, tena mwingi. Asichonacho ni hatamu ya kuupeleka anakotaka na kuubakiza huko wakati jambo halina ladha.

Hapo ndipo tulipoelewa kwa nini juhudi zetu zote zilipotea. Mawaidha huja kabla ya tendo, na bakora huja baada yake. Baina ya hayo mawili kuna dakika moja ndogo ambamo mtoto anatakiwa atende, na katika dakika hiyo mwanetu alikuwa peke yake. Msaada wake ulipaswa kuwekwa hapo, mahali pa tendo na wakati wa tendo.

Tunaeleza tulivyofanya, si kwa kujisifu, bali huenda likamfaa mzazi aliye mahali tulipokuwa.

Kwanza, tuliacha kumwita kutoka jikoni. Tunamwendea, tunaweka mkono begani, tunasubiri atutazame, tunamwambia jambo moja, naye hulirudia. Likisha, ndipo tunamwambia la pili. Amri tatu kwa mpigo kwake ni kama hakuna amri.

Pili, tulivitoa vitu kichwani mwake tukaviweka ukutani. Karibu na mlango tumetundika ubao wenye picha alizochora mwenyewe: mswaki, sare, viatu, mkoba, salamu kwa bibi. Zamani tulimwambia "fanya haraka" mara ishirini kila asubuhi. Sasa tunamwuliza, "Ubao unasemaje?"

Tatu, tunamsifu papo hapo na kwa jambo mahususi. Hatusemi "wewe mtoto mzuri". Tunasema, "Umemsubiri shangazi amalize kusema, ndipo ukasema." Kila jambo kama hilo huingiza kete moja kwenye chupa, na kete kumi ni safari ya kwenda kuvua siku hiyohiyo au kesho yake, kwani zawadi ya mwisho wa mwezi kwake ni kama zawadi ya mwisho wa dunia. Akikosea, adhabu ni ndogo, ya haraka, na isiyo na hotuba. Akimwaga maji, hupangusa.

Nne, kazi za skuli tumezikata vipande. Dakika kumi za hesabu, kisha huruka kamba mara hamsini uani, kisha dakika kumi nyingine. Hesabu zote kumi sasa huguswa, ingawa si kila siku. Na usingizi tumeulinda, simu zote zikizimwa mapema, kwani usiku mfupi huifanya kesho yake kuwa ndefu kwa nyumba nzima.

Tano, ile barabara. Ukingoni mwake kuna nguzo ya umeme. Tulikwenda naye siku kumi na nne mfululizo, tukavuka pamoja kwa sharti moja: kabla ya kuvuka ni lazima aiguse nguzo na ataje kwa sauti gari anazoziona. Hatukumwongezea wasia. Tulimpa kitu cha kushika, mahali penyewe panapohitaji kushikwa.

Ulibaki mtihani wa chuoni. Maalim alikuwa ametutumia ujumbe kwamba mtoto anawaharibu wenziwe, na ikiwezekana tumtafutie chuo kingine. Tulimwendea baada ya sala ya Alasiri, tukamweleza kwa heshima yote tuliyoyaeleza hapa. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimesomesha miaka thelathini. Sijui nimewapiga wangapi kwa kosa hili." Akanyamaza, nasi tukanyamaza.

Tangu siku hiyo mwanetu husoma akiwa amesimama akitaka. Hupewa nusu ya ukurasa badala ya ukurasa mzima, na akimaliza hutumwa akajaze mtungi wa maji, kisha hurudi kwa nusu ya pili. Juzuu Amma inakwenda polepole, lakini inakwenda. Msikitini husimama baina ya baba yake na ami yake, naye akitikisika hatumtupii jicho. Tumefundishwa kwamba Mtume (s.a.w.) alisali hali amembeba mjukuu wake Umama, na kwamba alikuwa akiifupisha sala asikiapo kilio cha mtoto. Ikiwa sala yake ilikuwa na nafasi ya mtoto, safu zetu nazo zisikose nafasi hiyo.

Kwa upande wa skuli, mzazi asiende akiwa mnyonge. Viboko vilipigwa marufuku katika skuli za Kenya mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza kumwadhibu mwanafunzi kwa kumuumiza mwili au kumtesa moyo. Tangu mwaka 1984 nchi yetu ina vituo vya serikali vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu ya elimu. Afisi ya elimu ya kaunti ndogo yako itakuelekeza kilipo cha karibu. Iko pia Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya, huko Kasarani, Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1986 na inayowafunza walimu kazi hii. Lakini usiende na sheria mkononi kabla ya salamu. Mwalimu mwenye watoto sitini naye amechoka. Sisi tulimwomba mambo matatu tu: aketishwe mbele, mbali na dirisha, aelekezwe jambo mojamoja, na atumwe akagawe madaftari anapoanza kutapatapa. Alikubali yote, kwani hayakumgharimu kitu.

Tumeliacha la dawa hadi mwisho kwa sababu ndilo lililotugombanisha. Daktari alitueleza kwamba kwa watoto walio chini ya miaka 6 huanzwa na mafunzo ya wazazi kabla ya dawa yoyote, na kwamba kwa waliozidi umri huo dawa huweza kuongezwa pale ambapo mbinu za nyumbani na skuli hazitoshi. Mama alitaka tujaribu. Baba alikataa, akasema mwanawe hatalevywa ili watu wapate utulivu. Tulibishana kwa miezi mitatu, mara nyingine mbele ya watoto, jambo ambalo tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe.

Kilichotukutanisha ni kuuliza na kusoma. Dawa inayotumika zaidi, methilifenidati, imetumika tangu miaka ya 1950. Haiponyi hali hii; humsaidia mtoto kwa saa kadhaa, kisha huisha mwilini. Huweza kupunguza hamu ya kula, kuchelewesha usingizi na kuumiza kichwa, na kwa hiyo daktari hupima uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha kila baada ya muda. Haifai kununuliwa kienyeji wala kuazimwa kwa jirani. Tulianza kwa kiasi kidogo. Hunywa uji mzito kabla ya kidonge, na hula vizuri usiku. Mwanetu hakugeuka mtu mwingine. Bado anacheka kwa sauti na bado analeta paka. Familia nyingine hufika mbali bila dawa, na si haki kwetu kuwahukumu, kama isivyokuwa haki kwao kutuhukumu sisi.

Limebaki moja, nalo halikuandikwa na daktari yeyote. Baada ya kuelewa yote haya, tulimketisha mtoto barazani, tukamwomba radhi. Baba alimwambia kwamba alimpiga kwa jambo ambalo halikuwa ujeuri, na kwamba amekosea. Mama alimwambia kwamba alimwita mkaidi mara nyingi, na hakuwa mkaidi. Tulitaraji atalia. Alisikiliza hadi mwisho bila kuinuka, na kwa wanaomjua hilo si jambo dogo. Kisha akauliza, "Kwa hivyo mimi si mbaya?"

Msomaji mpendwa, ikiwa nyumbani mwako kuna mtoto anayeweza kuuliza swali hilo, usingoje aulize. Mjibu leo.

Hatuwezi kusema kwamba mambo yamekwisha. Jumatatu iliyopita tulimtuma nazi mbili na pakiti ya chumvi. Tulisimama mlangoni tukimtazama bila yeye kujua. Alikwenda mbio hadi ukingoni mwa barabara, akasimama, akaiweka mikono yote miwili juu ya nguzo, tukaisikia sauti yake ikitaja: tuktuk, pikipiki, gari nyeupe. Akangoja. Akavuka.

Alirudi na nazi moja, bila chumvi. Tuliipokea, tukaingiza kete kwenye chupa, tukapika mchuzi kwa nazi hiyo moja.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira juu ya amana zetu, na atufungulie nyoyo za walimu, majirani na jamaa. Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.

Wabillahi tawfiq.